Kaboni ya Nani?

Mhadhara wa wazi uliotolewa Mpanda, Mkoa wa Katavi



Kijiweni hapa mjini, ukikaa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa, utalisikia neno ninalotaka kulizungumzia. Mmoja atasema, "Wenzetu wa Wilaya ya Tanganyika siku hizi wanauza hewa." Mwingine atamsahihisha: "Siyo hewa, ni kaboni." Halafu wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye akili kuliko wote ila hana haraka ya kusema, atauliza: "Kaboni si ndiyo mkaa? Mbona sisi wa mkaa tunakamatwa, na wao wanalipwa?"

Swali hilo ndilo lililonileta. Ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani nilipokuwa nikifundisha kemia, na halijibiki kwa sentensi moja, kwa sababu neno kaboni ndani yake limebeba maana mbili na muulizaji hakuambiwa na mtu. Yeye anazungumzia kaboni ya mkemia. Wenzake wanazungumzia kaboni ya mfanyabiashara. Katikati zipo nyingine: ya fundi chuma, ya daktari, ya mwanaakiolojia, ya mtafiti wa sokwe, ya bwana misitu. Hakuna iliyo ya kweli kuliko mwenzake. Ila kila moja ina kipimo chake, na tarakimu iliyozaliwa katika fani moja ikihamishiwa fani nyingine bila kubadilishwa kipimo, kuna mtu anayepunjwa. Mkoani kwetu anayeweza kupunjwa ni kijiji.

Tuanze na mkemia, maana neno ni lake. Wanasayansi wa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18 walilichukua katika Kilatini, ambako lilikuwa na maana ya mkaa. Kwa hiyo yule bwana wa tatu hakupotea. Amerudi kwenye shina. Kwa mkemia, kaboni ni atomi yenye protoni sita, basi. Almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa mwaka 1940, ni kaboni. Kinywe cha Mahenge ni kaboni. Masizi yaliyoganda kwenye sufuria ni kaboni. Kinachotofautisha almasi na masizi ni namna atomi zilivyoshikana, siyo atomi zenyewe. Kaboni hiyohiyo imo kwenye ugali, kwenye kanga ya pamba, kwenye damu ya kila aliyeketi humu. Mkemia hamwulizi mtu kaboni hiyo ni ya kwake au ya jirani, imetoka kijiji cha Mwese au Marekani. Anachojua ni kwamba haipotei. Ukichoma gunia la mkaa, kaboni haijaisha. Imeshikana na oksijeni ikaondoka kama hewa ukaa, ile ambayo vitabu vya shule vinaiita kabonidayoksaidi.

Naomba mshike tarakimu tatu, tutazihitaji baadaye. Atomi ya kaboni ina uzito wa 12. Atomi ya oksijeni, 16. Hewa ukaa ina kaboni moja na oksijeni mbili, kwa hiyo uzito wake ni 44.

Sasa twende kwa fundi chuma. Hadi mwaka 2012 sisi na Ufipa tulikuwa mkoa mmoja wa Rukwa, kwa hiyo haya ni mambo ya nyumbani. Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yanayoitwa malungu, mengine yakifikia kimo cha mita tatu, na mabaki yake bado yanaonekana huko hadi leo pamoja na marundo ya mavi ya chuma. Tanuri lile halikupulizwa kwa mivukuto. Lilikuwa na matundu chini, na urefu wake wenyewe ulivuta upepo. Walipanga mkaa na mawe ya chuma, tabaka juu ya tabaka, wakawasha, moto ukafanya kazi kwa siku kadhaa. Bonge lililotoka lilisafishwa tena katika tanuri dogo la mivukuto kabla ya kufuliwa kuwa jembe.

Mkaa katika tanuri hilo ulifanya kazi tatu kwa wakati mmoja, na hapo ndipo uhodari wa wazee wale unaponistaajabisha. Kwanza ulitoa joto. Pili, hewa iliyotokana nao iliyanyang'anya mawe oksijeni yake, maana jiwe la chuma ni chuma kilichoshikwa na oksijeni. Tatu, kaboni kidogo iliingia ndani ya chuma chenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo kaboni ya fundi. Kwake yeye kaboni ni sehemu ngapi katika mia. Ikiwa karibu na sifuri, chuma ni laini, kinapinda. Ikifika nusu ya sehemu moja au moja kamili katika mia, unapata pua, chuma kinachoshika makali. Ikizidi mbili, kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama chungu. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science hoja kwamba mababu wa Buhaya walikuwa wakitengeneza chuma chenye kaboni ya kutosha kuitwa pua tangu takriban miaka elfu moja na mia tano iliyopita au zaidi. Wataalamu walibishana juu ya hoja hiyo, lakini wote walibishania sehemu katika mia. Hakuna aliyebishania tani.

Mafundi wetu hawahitaji jarida kulijua hilo. Mpe mfua vyuma yeyote nondo na kipande cha springi ya Land Rover, umwambie akutengenezee panga. Nondo ataiweka kando. Springi ina kaboni zaidi ya mara mbili ya nondo ya kawaida, na ingawa pengine hajawahi kulitamka neno hilo, nyundo yake inalijua.

Ile hewa iliyonyang'anya mawe oksijeni inaitwa kaboni monoksaidi, na daktari anaijua kwa sura nyingine. Ukiweka jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi ya Juni, ukafunga mlango na dirisha, hewa hiyo inaingia kwenye damu na kuishika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Haina rangi, haina harufu. Daktari akisema "amekufa kwa kaboni", hasemi juu ya sehemu katika mia za chuma wala juu ya hali ya hewa ya dunia. Anasema juu ya mlango uliofungwa. Jiko liweke nje, au fungua dirisha. Mengine ya mhadhara huu mkiyasahau, hilo mlichukue.

Mwanaakiolojia naye kaboni kwake ni saa. Angani, mionzi inayotoka mbali huko juu hugeuza atomi chache za naitrojeni kuwa kaboni nzito, kaboni 14. Mimea huivuta pamoja na ile ya kawaida, wanyama wakaila, nasi tukawala wanyama. Kiumbe akifa, hapokei nyingine, na ile aliyonayo inaanza kupungua kwa mwendo usiobadilika: kila miaka 5,730, nusu yake imekwisha. Willard Libby wa Chicago aligundua namna ya kuisoma saa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940, akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1960. Kwa saa hiyo ndipo tunajua umri wa mkaa uliobaki kwenye matanuri ya zamani. Na fani hiyo ina kichekesho chake: wakisema "miaka elfu moja kabla ya leo", leo yao ni mwaka 1950. Ilisimamishwa hapo, haijasogea tangu wakati huo.

Lakini saa hii ina ukomo. Kusini yetu, mpakani na Zambia, kuna Maporomoko ya Kalambo. Desmond Clark alichimba hapo kuanzia miaka ya 1950, akapata mbao za kale zilizohifadhiwa na maji. Kaboni 14 haikuweza kutoa umri wake wa kweli, kwa sababu baada ya miaka kama 50,000 inayobaki ni kidogo mno kupimika. Mwaka 2023, Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba magogo mawili yaliyochongwa na kukamatishwa pale yana umri wa angalau miaka 476,000. Hawakutumia kaboni. Walipima punje za mchanga uliofukia magogo, kujua ni lini ziliona jua kwa mara ya mwisho. Gogo zima limejaa kaboni ya mkemia, na halina hata chembe ya kaboni ya mwanaakiolojia. Kwa mhadhara wa leo sijui mfano ulio bora kuliko huo.

Makaa ya mawe ya Namwele, kule Rukwa, nayo ni vivyo hivyo. Ni misitu iliyokufa zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, kaboni 14 yote imekwisha. Ndiyo maana viwanda vya dunia vilipochoma makaa na mafuta kwa wingi, hewa yote ya dunia ilipungukiwa uwiano wa kaboni 14, na katika miaka ya 1950 Hans Suess aliuona upungufu huo kwenye pete za miti. Wale wanaodai kwamba hewa ukaa iliyoongezeka imetoka baharini tu, jibu lao liko hapo. Saa ya mwanaakiolojia ikageuka kuwa shahidi katika kesi ya tabianchi. Maneno yanapohama fani kwa utaratibu, yanaleta faida kama hiyo.

Jingine la namna hiyo ni la hapahapa. Katika misitu ya Ugalla, sokwe hujenga kiota kipya kila jioni na kuacha nywele. Margaret Schoeninger, Jim Moore na Jeanne Sept walichukua nywele za namna hiyo na kuzipima kaboni 13, aina nyingine ya kaboni nzito, isiyopungua kwa muda. Nyasi za mbugani na mahindi hushika kaboni 13 nyingi kidogo kuliko miti, mpunga na mihogo, kwa sababu njia zao za kutengeneza chakula kwa jua zinatofautiana. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalionyesha kwamba sokwe wa Ugalla, pamoja na kuishi katika nchi yenye nyasi tele, wanakula vitu vya miti. Kaboni ya watafiti hao siyo uzito wala sehemu katika mia. Ni uwiano wa nzito na nyepesi. Kwa kipimo hichohicho, nywele zilizofagiliwa kwenye saluni yoyote hapa Mpanda zingeweza kutuambia nani mla ugali na nani mla wali, hata kama mwenyewe anajidai.

Nimekaa huko kwa makusudi, ili mfike msituni mkiwa mmeshazoea kuuliza: kaboni ipi, na inapimwa kwa nini?

Bwana misitu anaanza na utepe. Anauzungusha kwenye mti kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, mahali panapofika kifuani mwa mtu mzima. Kama mti uko kwenye mteremko, anasimama upande wa juu. Kama umegawanyika chini ya kipimo hicho, kila tawi linahesabiwa kama mti wake. Anaandika jina: mninga, mtundu, myombo. Kisha anakwenda kwenye kanuni ya hesabu inayomwambia mti wa unene huo, ukikaushwa kabisa, utakuwa na uzito gani. Kanuni hizo hazikuokotwa mezani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, walikata miti katika miombo ya mikoa mbalimbali, wakapima vipande vyake na mizizi yake, ili wengine wasilazimike kukata. Wanafunzi mliotoka Kampasi ya Mizengo Pinda ya chuo hicho kule Kibaoni, hiyo ni kazi ya walimu wenu, isomeni.

Tuchukulie mti una kilo 500 za uzito mkavu. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni. Kiwango kinachotumiwa sana ni 47 katika mia. Basi mti una kilo 235 za kaboni. Hapo bwana misitu anaweka kalamu chini. Kazi yake imekwisha.

Mfanyabiashara ndiyo kwanza anaanza. Yeye hanunui kaboni iliyomo mtini. Anahesabu hewa ukaa ambayo ingetoka kama mti ungechomwa au kuoza. Ndipo zile tarakimu tatu zinapoingia: zidisha kwa 44, gawanya kwa 12. Kilo 235 za kaboni zinakuwa kilo 862 za hewa ukaa. Mti haujaongezeka hata jani moja. Kilichobadilika ni fani.

Na wote wawili, ofisini na kwenye mikutano, wanasema "tani za kaboni". Bwana misitu anasema tani za kaboni akiwa na maana ya kaboni. Mfanyabiashara anasema tani za kaboni akiwa na maana ya hewa ukaa, na cheti kimoja anachouza ni tani moja ya hiyo. Ripoti ya msitu ikisema "tani 10,000 za kaboni", na halmashauri ya kijiji ikadhani hivyo ni vyeti 10,000, imejipunja zaidi ya vyeti 26,000. Ikitokea kinyume chake, aliyepunjwa ni mnunuzi, na siku akigundua, soko linafungwa kwa wote. Sisemi kwamba hili limetokea hapa. Nasema mlango wake uko wazi katika kila karatasi iliyoandikwa "kaboni" bila maelezo.

Kuna jambo la ajabu kuliko hilo. Katika hesabu za tabianchi, hewa zote zinazopasha dunia joto hugeuzwa kuwa tani za hewa ukaa ili zijumlishwe pamoja. Methani ya tumbo la ng'ombe, kwa kipindi cha miaka mia moja, inahesabiwa karibu mara 28 ya hewa ukaa. Mbolea ya naitrojeni ikizidi shambani, iwe ya tumbaku au ya mahindi, hutoa naitrasi oksaidi, nayo inahesabiwa zaidi ya mara 260. Naitrasi oksaidi ina naitrojeni mbili na oksijeni moja. Kaboni haimo kabisa. Mkemia anaweza kuitafuta mpaka usiku wa manane asiipate, na bado mhasibu wa tabianchi ataiandika kwenye daftari lake la kaboni, na kwa fani yake yuko sahihi.

Mhasibu huyohuyo atahesabu methani ya ng'ombe wa mfugaji aliyehamia Mpimbwe, lakini hatagusa ya nyati wa Hifadhi ya Katavi wanaocheua ng'ambo ya mpaka wa hifadhi. Kisa? Orodha za nchi hurekodi hewa zinazotokana na shughuli za binadamu. Kwake yeye, kaboni ni ile yenye mtu wa kulaumiwa.

Na ile inayouzwa ni ile yenye mtu wa kushukuriwa. Sasa naweza kumjibu yule bwana wa tatu.

Mradi wa Milima ya Ntakata, ulioanza mwaka 2017, unashirikisha kampuni ya Carbon Tanzania, Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika na vijiji vinane: Bujombe, Kagunga, Kapanga, Katuma, Lugonesi, Lwega, Mpembe na Mwese. Vijiji vimetenga misitu yao kwa mpango wa matumizi ya ardhi, vikitumia mamlaka vilivyopewa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002. Walinzi wa msitu wanazunguka, wanarekodi miti iliyokatwa, mitego, mashamba mapya. Mnunuzi wa ng'ambo hachukui hewa ya Mwese kwenye chupa. Hachukui mti, hachukui ardhi. Anachonunua ni tofauti kati ya misitu miwili: msitu uliopo, ambao mtu anaweza kuushika, na msitu mwingine ambao haupo popote isipokuwa kwenye hesabu, ule ambao ungebaki kama vijiji visingeulinda. Huo wa pili wataalamu wanauita hali ya rejea.

Mwenye mkaa, kwa hiyo, anauza atomi. Mwenye msitu anauza ushahidi kwamba jambo lililokuwa litokee halikutokea. Wa kwanza akiuza bila kibali anakamatwa. Wa pili asipokuwa na ushahidi hana cha kuuza, hata awe na miti mingi kama nini. Ndiyo maana kijiji chenye msitu mnene uliojificha mlimani, ambao hakuna mtu aliyewahi kuutaka, kinaweza kukosa soko kabisa. Wengi wanaona hiyo ni dhuluma, na mimi nina huruma nao. Lakini ndivyo bidhaa hiyo ilivyo.

Ushahidi wa jambo lisilotokea ni mgumu kuukagua. Wanunuzi wa mkaa wanajua gunia lenye mkaa mzuri juu na chenga katikati. Hali ya rejea iliyotiwa chumvi ni gunia la namna hiyo. Ukidai kwamba msitu wako ungekatwa nusu nzima ndani ya miaka kumi, wakati kwa kweli ungekatwa kidogo tu, kila mti uliobaki unaonekana ni wokovu wako. Mwezi Agosti 2023 Thales West na wenzake walichapisha katika Science uchunguzi wa miradi 26 katika nchi sita, wakakuta mingi haikupunguza ukataji kwa kiasi ilichodai. Makampuni makubwa yaliyojitangaza kuwa yamefuta uchafuzi wao yakaanza kurudi nyuma. Hili siyo la kulificha mbele ya wenyeviti wa vijiji eti watakata tamaa. Hali ya rejea ya Katavi haihitaji chumvi. Mashamba yanafunguliwa, tumbaku inataka kuni za kukaushia, mifugo inaingia kutoka mikoa ya kaskazini, mji huu unapika kwa mkaa. Msitu uko katika hatari ya kweli, na ukweli huo ndio rasilimali, anayeuongezea anauharibu.

Serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko SUA, Morogoro. Mwanasheria akizisoma kanuni hizo, anaiona kaboni yake mwenyewe: haki inayoweza kumilikiwa, kusajiliwa na kuhamishwa, wakati mti wenyewe hauhami. Sina muda wa kuingia huko. Na vijijini, sote tunajua, kaboni imekwishapata maana yake ya mwisho. Mama akisema "zahanati ile ni ya kaboni", "madarasa yale ni ya kaboni", hazungumzii protoni sita. Kwake kaboni ni fungu la bajeti, na si mimi wa kumsahihisha. Maana hiyo ina wajibu mzito kuliko zote nilizozitaja, maana inaweza kuulizwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji: imeingia kiasi gani, imetumikaje?

Kabla sijamaliza, jambo moja linaloleta mabishano kila kiangazi. Mwezi Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, watu wa misitu huchoma mapema kwa makusudi. Moto huo ni baridi, unapita chini, mti hauumii sana, na mizinga ya warina asali wa Inyonga inanusurika. Nyasi zisipochomwa, moto wa Septemba na Oktoba unakuja mkali na kuua hata miti mikubwa. Mwanafunzi mmoja mwenye kupenda ubishi ataniambia: lakini kuchoma nyasi ni kutoa kaboni! Kwa mkemia, ndiyo, imetoka. Kwa bwana misitu, hasara ni ndogo, kwa sababu mvua zikinyesha nyasi zinaota na kuirudisha, na miti imesalia. Kwa mhasibu wa tabianchi, kuna methani kidogo na naitrasi oksaidi kidogo za kuandika kwenye daftari. Watatu wote wameutazama moto mmoja. Ukiulizwa kama moto wa Mei ni mzuri kwa kaboni, usijibu mpaka ujue nani anayeuliza.

Na udongo. Katika miombo, udongo mara nyingi umebeba kaboni nyingi kuliko miti iliyo juu yake, ile ambayo mkulima anaiita mboji na kuitambua kwa weusi wake kiganjani. Haionekani kwa utepe wala kwa picha ya satelaiti, kuipima ni ghali, na miradi mingi inaiacha nje ya hesabu. Msitu ukigeuzwa shamba, sehemu yake inapotea kimyakimya kwa miaka. Wanafunzi wa Kibaoni, hapo pana kazi ya kutosha umri wenu wote.

Wenyeviti, ninachowaomba ni kidogo na kinaingia kwenye muhtasari wa kikao. Mahali popote patakapoandikwa "tani za kaboni" katika mkataba au ripoti ya kijiji chenu, futeni, muandike "tani za hewa ukaa" au "tani za kaboni iliyomo mtini", kimojawapo. Ombeni nakala ya hali ya rejea kwa Kiswahili, ikionyesha ni mwaka gani ilianza kuhesabiwa na itapitiwa upya lini, ikae ofisini kwa mtendaji, mahali ambapo mwanakijiji yeyote anaweza kuisoma. Atakayewaambia kwamba mambo hayo ni ya kitaalamu mno kwa kijiji, mpeni utepe, mumwonyeshe mti, mumwambie aanzie mita 1.3.